Maswali yanayoulizwa sana: FIFA, CAF, Olimpiki na wenzao wanaongozwa vipi, na sisi wa Mwanza tunaingilia wapi

Haya maswali yametoka kwa watu wanaoyarudia kila wiki: makocha wa vijana pale Nyamagana, wazazi wa watoto wa akademi huko Ilemela, waamuzi, wachezaji wa zamani, na wale wabishi wa vijiwe vya kahawa vya Mlango Mmoja na Mabatini ambao kila ikifika uchaguzi wa TFF au wa FIFA mjadala unaanza upya kutoka sifuri. Nimeyapanga kwa mada, ya kawaida yako juu, yale magumu yako chini. Jibu likishatolewa sehemu moja sirudii, nakuelekeza tu ulipo.

## Mambo ya msingi

FIFA ni nini hasa? Kampuni, serikali, au tawi la Umoja wa Mataifa?

Hakuna hata kimoja hapo. FIFA ni chama, na kisheria kimeandikishwa Uswisi kwa kifungu cha 60 cha sheria ya kiraia ya kule, kifungu hicho hicho ambacho hata kikundi cha kwaya cha Uswisi kinaweza kukitumia kujiandikisha. Tofauti ni kwamba wanachama wake sio watu, ni vyama vya nchi. Ilianzishwa Paris tarehe 21 Mei 1904 na vyama vya nchi 7 za Ulaya na leo ina wanachama 211, wengi kuliko Umoja wa Mataifa wenye nchi 193.

Mashirikisho mengi makubwa yamejengwa hivyo hivyo, riadha, kikapu, kuogelea, netiboli. Juu kabisa kuna mkutano mkuu ambao wanachama wote wanakaa na kupiga kura, chini yake kuna kamati ya utendaji au baraza linaloamua mambo kati ya mkutano na mkutano, halafu kuna rais, katibu mkuu na waajiriwa wa ofisini, na pembeni kamati zinazotakiwa kuwa huru kama ya maadili, nidhamu na ukaguzi wa hesabu. Ukishaelewa hilo la FIFA, mengine utayasoma mwenyewe. La kipekee ni Olimpiki, lina swali lake huko chini.

Kutoka timu yangu ya mtaani mpaka FIFA kuna ngazi ngapi?

Chukua timu iliyosajiliwa Igoma. Inakuwa mwanachama wa chama cha mpira cha wilaya, hapo ni Nyamagana. Vyama vya wilaya, yaani Nyamagana, Ilemela, Magu, Sengerema, Ukerewe na wenzao, vinaunda chama cha mkoa, MZFA. Vyama vya mikoa pamoja na wadau wengine vinaunda TFF, shirikisho la mpira la Tanzania. TFF ndo mwanachama wa CAF na pia mwanachama wa FIFA moja kwa moja.

Watu wengi wanakosea kwenye hiyo ngazi ya juu. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, sio tawi la FIFA, linajitegemea na lina katiba yake, lilianzishwa Khartoum mwezi Februari 1957 na Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini, makao makuu yako Misri. FIFA inayatambua mashirikisho 6 ya mabara lakini hayo mashirikisho sio wanachama wake na hayapigi kura kwenye mkutano mkuu. Wanaopiga ni vyama vya nchi. Halafu CECAFA ni kanda ya Afrika Mashariki na Kati ndani ya CAF, haina mamlaka ya kumfungia mtu dunia nzima kama baadhi ya watu wanavyodai.

Kwanini karibu wote wako Uswisi?

Historia na sheria. Pierre de Coubertin aliihamishia kamati ya Olimpiki Lausanne mwaka 1915, vita vya kwanza vya dunia vikiwa vinaendelea na Uswisi haina upande. FIFA ikaenda Zürich mwaka 1932. Wengine wakafuata kwa sababu sheria za vyama kule ni nyepesi, kodi ni rafiki, na ukiwa Lausanne uko jirani na wenye Olimpiki. Sio wote lakini: World Athletics wako Monaco, kriketi wako Dubai, raga Dublin, netiboli Manchester, na WADA wale wa dawa za kusisimua misuli wako Montreal.

Kati ya rais na katibu mkuu nani ana nguvu?

Kwenye karatasi, tangu mageuzi ya 2016, rais na Baraza la FIFA wanatoa mwelekeo halafu katibu mkuu na watu wake ndo wanatekeleza, wanasaini, wanalipa. Fatma Samoura wa Senegal alikaa kwenye hicho kiti kuanzia 2016 mpaka 2023, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kuwa katibu mkuu kamili, na sasa yupo Mattias Grafström wa Sweden.

Kwa vitendo rais bado ndo mwenye neno, na nasema hivyo kwa sababu ni rahisi kuona: anayezunguka nchi wanachama, anayepiga picha kwenye mawe ya msingi na anayetangaza mashindano mapya ni rais. Ila ukatibu mkuu usiudharau, Sepp Blatter alikuwa katibu mkuu tangu 1981 kabla hajawa rais mwaka 1998, kwahiyo alipogombea alikuwa anawajua viongozi wa vyama vya nchi mmoja mmoja.

## Uchaguzi na kura

Rais wa FIFA anachaguliwaje?

Mgombea anatakiwa apendekezwe na vyama vya nchi visivyopungua 5, apite mchujo wa uadilifu, halafu aende kwenye mkutano mkuu. Kila nchi kura moja. Tanzania kura moja, Brazil kura moja, Ujerumani kura moja. Duru ya kwanza ukipata theluthi mbili umemaliza, ukikosa kunaendelea na baadaye inatosha kuzidi nusu.

Mfano mzuri ni Februari 2016 pale Zürich. Kura zilikuwa 207 kwa sababu Kuwait na Indonesia walikuwa wamefungiwa. Duru ya kwanza Gianni Infantino 88, Sheikh Salman wa Bahrain 85. Duru ya pili Infantino akapanda mpaka 115, Salman 88. Ukiangalia hizo namba unaona kazi yote ilifanyika korido, katikati ya duru mbili, kuwapata wale waliokuwa kwa wagombea waliobaki nyuma.

Baada ya hapo hajawahi kupata mpinzani. 2019 Paris na 2023 Kigali alipita kwa makofi, hakuna kura iliyohesabiwa. Mimi binafsi hili linaniuma, na sio kwa sababu ya Infantino kama mtu. Makofi hayaonyeshi nani hakupiga. Chama cha nchi ndogo kinachotegemea mgao wa FIFA kujenga uwanja kikiwa na malalamiko kinahitaji usiri wa sanduku la kura, na kwenye makofi huo usiri haupo.

Kura ya Tanzania anaipiga nani, na yeye kachaguliwa na nani?

Hili ndo swali la maana kuliko yote kwenye ukurasa huu, kwahiyo nivumilie.

Kwenye mkutano wa FIFA kura ya nchi inapigwa na mjumbe aliyeteuliwa na TFF, na kwa kawaida anakuwa rais mwenyewe. Rais wa TFF anachaguliwa na mkutano mkuu wa TFF, na humo ndani kuna wajumbe wa vyama vya mikoa, klabu za Ligi Kuu, na vyama shirikishi, yaani makocha (TAFCA), waamuzi (FRAT), wachezaji (SPUTANZA), mpira wa wanawake (TWFA) na madaktari wa michezo (TASMA). Kwahiyo Mwanza inaingia humo kupitia MZFA, na kupitia Pamba Jiji kadiri inavyobaki Ligi Kuu. Nao wa MZFA wanatoka kwenye kura za wilaya, na za wilaya zinatoka kwenye klabu, na klabu ni hizi hizi zinazofanya mazoezi saa kumi na moja jioni kwenye viwanja vya shule za msingi.

Sasa nenda kwenye mkutano wa uchaguzi wa chama cha wilaya ujionee. Nimekaa kwenye mikutano hiyo zaidi ya mara moja kanda hii ya ziwa. Ukumbi wa shule, viti vya plastiki, karatasi ya mahudhurio inazunguka, na kabla ya lolote katibu anasoma orodha ya klabu zenye sifa ya kupiga kura. Hapo ndo wengi wanapotea. Klabu haijalipa ada ya mwaka, imefutwa kwenye orodha. Klabu imemtuma mtu ambaye jina lake halikuandikwa kwenye barua, anakaa nyuma kama mgeni. Klabu ina katiba ya zamani haijawahi kusajiliwa upya, nje. Wilaya moja niliyohudhuria klabu zilizoenguliwa zilikuwa nyingi kuliko zilizobaki, na viongozi wa klabu zilizoenguliwa ndo waliokuja kupiga kelele mwaka mzima baadaye kwamba mpira unaongozwa na kikundi. Ada yenyewe haikuwa pesa ya kumshinda mtu, wangechangishana wachezaji tu ingetosha.

Kwahiyo ngosha ukiniuliza utawezaje kuigusa FIFA ukiwa Mkuyuni, jibu ni hilo: lipa ada ya klabu yako wilayani, andika barua ya mjumbe mapema, hudhuria.

Ukomo wa uongozi upo? Mbona wengine wanakaa milele?

Zamani haukuwepo. Jules Rimet aliongoza FIFA miaka 33, João Havelange miaka 24, Issa Hayatou wa Kamerun aliongoza CAF kuanzia 1988 mpaka 2017, yaani miaka 29, kuna watu wamezaliwa hospitali ya Sekou Toure wakakua wakaoa akiwa bado yeye.

Sasa FIFA ni mihula mitatu ya miaka minne, 12 kwa ujumla. Utata ni huu: FIFA ilitamka mwishoni mwa 2022 kwamba kile kipande cha Infantino cha 2016 mpaka 2019 hakihesabiki kwa kuwa alikuwa anamalizia muhula wa Blatter. Kwahiyo hesabu yake imeanza 2019. Kisheria wamejieleza, lakini ukomo unaohesabiwa na walioko madarakani unakuwa laini sana. Kamati ya Olimpiki wao ni miaka 8 halafu unaweza kuongezwa 4 mara moja.

Afrika tuna kura 54, mbona hatuitawali FIFA?

Kwanza, kura 54 zikienda pamoja zina nguvu kweli, ni zaidi ya robo ya ukumbi. Mwaka 1974 Havelange wa Brazil alimtoa Mwingereza Stanley Rous kwa kiasi kikubwa kwa kura za Afrika, kwa kuwa Rous alikuwa laini kwa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Na kabla ya hapo nchi za Afrika zilisusia Kombe la Dunia la 1966, Ghana ya Nkrumah ikiwa mbele, kwa sababu Afrika nzima haikuwa na hata nafasi moja ya uhakika. Kombe lililofuata la 1970 nafasi ikapatikana. Kombe la 2026 lenye timu 48 Afrika imepewa 9 za moja kwa moja na moja ya mchujo. Yote hayo yamepatikana kwa kukaa upande mmoja.

Ila maamuzi ya kila siku yanafanywa na Baraza lenye watu 37, na humo Ulaya ina viti 9, Afrika 7, Asia 7, Amerika Kusini 5 ingawa ina vyama 10 tu, Amerika Kaskazini na Kati 5, Oceania 3, na rais. Halafu tunagawanyika: Waarabu kwao, wanaozungumza Kifaransa kwao, kusini kwao, na sisi wa CECAFA hatujawahi kuwa na sauti kubwa.

Nani anaamua nchi ya kuandaa Kombe la Dunia? Na AFCON?

Desemba 2010 watu 22 tu wa kamati ya utendaji ndo waliwapa Urusi 2018 na Qatar 2022, kwenye chumba kimoja, siku moja. Baada ya kashfa zilizofuata kazi hiyo ikahamishiwa mkutano mkuu. Juni 2018 pale Moscow Marekani, Canada na Mexico wakaishinda Morocco kwa kura 134 kwa 65. Desemba 2024 kombe la 2030 (Morocco, Hispania na Ureno) na la 2034 (Saudi Arabia) yakapita kwa makofi bila mpinzani. Kuhusu makofi nimeshasema kwenye swali la uchaguzi wa rais.

AFCON bado inaamuliwa na kamati ya utendaji ya CAF. Septemba 2023 pale Cairo ndo Kenya, Uganda na Tanzania wakapewa ya 2027, nchi zote tatu zinazoligawana ziwa letu.

Sheria za mchezo, offside, VAR, anatunga nani? FIFA?

Hapana, na hili linawashangaza hata waamuzi. Ni IFAB, chombo cha mwaka 1886, kikongwe kuliko FIFA yenyewe. Kina kura 8: FIFA ina 4, halafu England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kila mmoja moja. Kubadili sheria zinahitajika 6. Kwahiyo Waingereza peke yao hawawezi kubadilisha, na FIFA nayo haiwezi mpaka ipate angalau wawili wao.

Wanawake wana nafasi?

Inakua, taratibu mno. Wa kwanza kuchaguliwa kwenye kamati ya utendaji ya FIFA ni Lydia Nsekera wa Burundi, jirani yetu hapa, mwaka 2013, na alikuwa ameshaliongoza shirikisho la nchi yake. Mageuzi ya 2016 yakalazimisha kila bara liwe na angalau mwanamke mmoja kwenye Baraza. Shida ni kwamba wengi wanaishia kwenye kile kile kiti cha lazima. Wilayani kwetu nako hivyo hivyo, mama anapewa nafasi ya mpira wa wanawake halafu kwenye uenyekiti na ukatibu hata fomu hachukui mtu.

## Michezo mingine

Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa nayo ni nchi moja kura moja?

Sio, na ndo utofauti mkubwa. IOC ilianzishwa Paris mwezi Juni 1894 na mpaka leo wajumbe wake ni watu binafsi, wasiozidi 115, wanaochaguliwa na wajumbe wenzao. Mjumbe akitoka Kenya, kama Paul Tergat, yeye haiwakilishi Kenya kule IOC, anaiwakilisha IOC kule Kenya. Kati ya hao 115 nafasi 15 ni za wanamichezo, 15 za mashirikisho ya kimataifa, 15 za kamati za Olimpiki za nchi, waliobaki ni wa kawaida. Kamati za nchi kama TOC yetu zipo 206 na zinatambuliwa, ila hazipigi kura kumchagua rais.

Tarehe 20 Machi 2025 kule Ugiriki Kirsty Coventry wa Zimbabwe, muogeleaji mwenye medali 7 za Olimpiki, alichaguliwa rais wa IOC duru ya kwanza kwa kura 49 kati ya 97 akiwa na wapinzani sita. Mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza. Nilifurahi sana siku ile na bado nafurahi. Alipita kwenye mlango wa wanamichezo, aliingia IOC 2013 kupitia kura za wanamichezo wenzake, na njia hiyo vijana wetu hawaijui kabisa.

Riadha je? Tuna bingwa wa dunia, hatuna sauti?

Septemba 2025 Tokyo Alphonce Simbu kachukua dhahabu ya marathoni kwa picha ya mwisho, yeye na Mjerumani Amanal Petros wameandikiwa muda ule ule, saa 2:09:48. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Na ukanda wetu huu ulishatoa Suleiman Nyambui wa Majita, medali ya fedha mita 5000 Olimpiki ya Moscow 1980.

World Athletics, zamani IAAF, ilianza Stockholm 1912 na ina wanachama 214, kila mmoja kura moja, rais ni Sebastian Coe tangu 2015. Medali haiongezi kura. Sauti inatokana na kuwa na watu wenu kwenye kamati, na hiyo inahitaji shirikisho la nyumbani liwe tulivu miaka kumi mfululizo, lipeleke watu wanaojua kanuni na lugha, liwarudishe tena na tena mpaka wazoeleke.

Kikapu, netiboli na kriketi?

Kwa kifupi. Kikapu ni FIBA, 1932, Uswisi, wanachama 212, kuanzia 2019 mpaka 2023 rais alikuwa Hamane Niang wa Mali. Netiboli ni World Netball, kwetu ni CHANETA, sio mchezo wa Olimpiki na ndo maana pesa yake ni kidogo. Kriketi ni tofauti kabisa: kuna wanachama kamili 12 wenye uzito wote na washirika wengi, Tanzania ikiwemo, wasio na uzito huo. Raga nayo kura hazilingani.

Ngumi mbona kila siku kuna chama kipya?

Tenganisha ngumi za kulipwa na za ridhaa. Za kulipwa hakuna mwenye nyumba mmoja, kuna WBA, WBC, IBF na WBO kila mmoja na mikanda yake. Za ridhaa zilikuwa chini ya IBA mpaka Juni 2023 IOC ilipoacha kuitambua kwa mambo ya fedha na uongozi. Ikaundwa World Boxing, IOC ikaitambua kwa muda Februari 2025 na ngumi zikabaki kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028. Bondia wa ridhaa anayejifua Mwanza akiota Olimpiki aulize chama chake cha taifa kiko upande gani kabla hajauliza kitu kingine.

## Pesa

Hela ya FIFA inatoka wapi na inafikaje huku?

Karibu yote inatoka Kombe la Dunia la wanaume: haki za televisheni, wadhamini, tiketi. Mzunguko wa 2019 mpaka 2022 iliingiza zaidi ya dola bilioni 7.5. Sehemu inarudi kwa mpango wa FIFA Forward, na kwa 2023 mpaka 2026 kila chama cha nchi kinaweza kupata mpaka dola milioni 8 kwa miaka minne, sehemu ya kuendesha ofisi na sehemu ya miradi maalum yenye maombi na ukaguzi.

Fedha hizo ni halali na zimejenga viwanja vingi Afrika. Ila anayezigawa ndo huyo huyo anayeomba kura kwa wanaozipokea. Ukitaka kujua kwanini marais wa FIFA hawaangushwi, anzia hapo.

## Serikali, mahakama na kufungiwa

Kwanini serikali haiwezi kumtoa kiongozi mbovu wa mpira?

Inaweza, lakini nchi itafungiwa. Februari 2022 FIFA iliifungia Kenya baada ya serikali kuvunja uongozi wa shirikisho na kuweka kamati yake, mpaka Novemba mwaka huo. Zimbabwe ilifungiwa mwezi huo huo, yenyewe ikakaa mpaka 2023. Kenya ikatolewa kwenye kufuzu AFCON, na waliolipa ni wachezaji. Jamaa zetu wa Kisumu wanaoshabikia Gor Mahia wanaikumbuka vizuri.

Sio kwamba serikali haina nafasi. Kwetu lipo Baraza la Michezo la Taifa, BMT, kwa sheria ya 1967, linasajili vyama na kusimamia. Kinachokatazwa ni serikali kuchagua au kuondoa viongozi. Uhalifu kama wizi ni kazi ya polisi na mahakama kama uhalifu mwingine wowote.

Na Olimpiki nayo inaguswa. 1976 nchi nyingi za Afrika zilisusia Montreal kwa sababu New Zealand walikwenda kucheza raga Afrika Kusini, Tanzania ikiwemo, na Filbert Bayi, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1500 wakati huo, hakukimbia.

Hao wakubwa wenyewe wanakamatwa?

Ndio. Tarehe 27 Mei 2015 alfajiri polisi wa Uswisi waliingia hotelini Zürich wakakamata maofisa 7 kwa ombi la Marekani. Blatter akachaguliwa tena siku mbili baadaye, halafu siku chache mbele akatangaza kuondoka. Haki itendeke kusema pia kwamba ile kesi yake na Michel Platini, aliyekuwa rais wa shirikisho la Ulaya, kule Uswisi wote wawili waliachiwa, 2022 na tena kwenye rufaa Machi 2025. Lamine Diack wa Senegal, aliyeongoza riadha ya dunia, alitiwa hatiani Paris mwaka 2020. Ahmad Ahmad wa CAF alifungiwa na FIFA Novemba 2020 miaka 5, ikapunguzwa kuwa 2.

Aliyempunguzia ni nani? Hiyo CAS ni nini?

Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, iko Lausanne, ilianza 1984. Klabu ukidhulumiwa unamaliza kwanza ngazi za ndani, halafu TFF au FIFA kutegemea kesi, ndo unaenda kule. Ni ghali na muda wa kukata rufaa ni mfupi, klabu nyingi zinapoteza haki zikiwa bado zinatafuta mwanasheria.

## Maswali ya pembeni

Kwanini Zanzibar sio mwanachama wa FIFA wakati Scotland ni mwanachama?

Kanuni ya sasa FIFA inataka nchi huru inayotambuliwa kimataifa. Vyama vinne vya Uingereza vinabaki kwa historia, vilikuwepo kabla ya FIFA. CAF iliipokea Zanzibar kama mwanachama wa 55 Machi 2017 na ikaitoa Julai mwaka huo huo. Klabu zake zinacheza mashindano ya CAF, na timu yake inacheza CECAFA kama Zanzibar, ilishachukua kombe la Challenge 1995.

Mtoto aliyelelewa kwenye akademi yetu kauzwa nje. Sheria za FIFA zinatupa chochote?

Zinatoa, ilimradi mlikuwa mmemsajili. Mchezaji akiuzwa klabu ya nchi nyingine kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya bei inagawiwa klabu zote zilizomlea kuanzia msimu alipotimiza miaka 12 mpaka 23. Kila mwaka wa umri wa 12 mpaka 15 ni asilimia 0.25 ya bei, kuanzia 16 ni 0.5. Akiuzwa dola milioni 1 na mlikuwa naye misimu ya miaka 13, 14 na 15, hesabu yenu ni dola 7,500. Kuna pia fidia ya mafunzo akisaini mkataba wa kwanza wa kulipwa, hiyo ina kanuni zake.

Tangu Novemba 2022 malipo yanapitia kituo cha FIFA kilichoko Paris, kinachosoma rekodi za usajili kwenye mfumo kutengeneza historia ya mchezaji. Kama akademi yenu haiko chini ya chama cha wilaya, au mtoto alicheza miaka mitatu kwa jina la utani, kwenye hiyo historia miaka hiyo inaonekana tupu. Kosa linalojirudia sana huku kwetu ni majina: cheti cha kuzaliwa kina jina moja, fomu ya usajili ina jina la ukoo la upande wa mama, pasipoti ina la tatu. Mpeleke mzazi ayanyooshe mtoto akiwa bado ana miaka 12, halafu chukua nakala ya fomu yenye muhuri wa katibu wa wilaya uiweke kwenye faili la klabu.